Kampuni Iliyovumbua Mbege

Jumatatu moja ya mwezi Machi, mwaka 1911, saa nne kamili asubuhi, mbele ya lango la Boma la Arusha, mbege ilivumbuliwa rasmi.

Tangazo lilisomwa kwa Kidachi, yaani Kijerumani, likasomwa kwa Kiswahili, kisha likapigiwa tarumbeta kwa faida ya wasiojua lugha zote mbili. Lilisema kwamba Kampuni ya Mbege Halisi ya Meru na Nchi Zipakanazo, yenye makao yake makuu Hamburg, imegundua kinywaji cha ndizi na ulezi chenye manufaa makubwa kwa afya na nidhamu, na kwamba kuanzia leo mwenyeji yeyote anayependa kuendelea kukipika anakaribishwa kufanya hivyo akiwa Mwenye Tawi. Kabla ya hapo, tangazo liliongeza kwa masikitiko, watu wa mlimani walikuwa wakiinywa mbege hovyo hovyo tu, miaka na miaka, bila muhuri.

Aliyesoma kwa Kiswahili alikuwa Meitamei, kijana wa miaka ishirini na minne, Mwarusha wa Ngaramtoni kabisa, ila alikuwa amesomeshwa Tanga. Alirudi na kanzu nyeupe, koti jeusi, na kalamu mbili katika mfuko wa koti: moja ya kuandikia, nyingine ya kuonekana. Kampuni ilimwajiri wiki hiyo hiyo na kumpa cheo cha Mkaguzi wa Matawi, Daraja la Pili. Daraja la Kwanza halikuwa na mtu. Mkurugenzi, Bwana Klotz, alimweleza kwamba limeachwa wazi makusudi ili mkaguzi awe na kitu cha kutazamia, na Meitamei akaona kweli hawa watu wanafikiria mbali.

Ushirikiano ulipangwa kwa haki. Kampuni ilitoa jina. Mwenye Tawi alitoa kilichobaki, yaani migomba, ulezi, maji, kuni, mitungi, kibanda, mikono na wanywaji. Na kwa kuwa jina ni kitu kizito, kimesafiri kwa meli toka Hamburg, ilionekana ni sawa kabisa kwamba katika kila mitungi mitatu inayopikwa, mmoja uende kwa Kampuni.

Jina lenyewe lilikuja likiwa limechorwa kwenye kibao cha bluu. Kila kibanda cha pombe katika soko la Ngaramtoni kilipata kibao chake. Vilikuwa vibanda kumi na tisa. Wanawake kumi na tisa walichovya vidole gumba katika wino, wakavibandika kwenye mkataba, wakarudi nyumbani wakiwa wenye matawi ya kitu walichokuwa nacho walipotoka.

Sasa, jina bila kanuni si kitu, kwa hiyo Bwana Klotz alitunga kitabu. Hapa Meitamei alihusika moja kwa moja, maana ndiye aliyempeleka mkurugenzi kwa mama yake mdogo, Nashilu, mpishi wa mbege ambaye watu walikuwa wakishuka toka Olmotonyi na kupita vibanda kumi na vinane ili wafike kwake. Bwana Klotz alikaa kwenye kigoda jikoni mwa Nashilu kwa siku tano, daftari magotini, akiandika kila alichoona. Ndizi zinachemshwa mpaka ziwe nyekundu. Zinaachwa zichachuke. Ulezi unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa, unapikwa uji. Magome ya msesewe yanatiwa ili kuleta uchungu. Yote yaliandikwa. Halafu kitabu kikapigwa chapa na kurudishwa kwa Nashilu ili ajifunze namna ya kupika mbege.

Kilikuwa kitabu kamili mno. Kanuni ya Thelathini na Moja ilisema, "Kabla ya kuongeza kuni, mpishi atakohoa mara mbili." Kanuni ya Arobaini na Saba ilisema, "Ulezi ukiwa juani, mpishi atamfukuza kuku mwekundu kwa mkono wa kushoto." Meitamei alikuwepo siku ile na alijua kwamba moshi ulikuwa mwingi na kuku alikuwa mkorofi. Lakini alikuwa amesoma. Alijua kwamba kitu kikishapigwa chapa, si moshi tena.

Basi akawa anakagua. Na matawi, ukweli usemwe, yalijitahidi. Ngaramtoni nzima ilikuwa ikikohoa. Wanawake wasio na kuku mwekundu walimwazima wa jirani, na kuku mmoja wa kina Nalepo alikuwa akifukuzwa katika nyumba sita kwa siku hata akakonda.

Tawi moja tu lilikataa.

"Shikamoo, mama mdogo," Meitamei alisema Jumatano moja, akisimama mlangoni na kitabu chini ya kwapa. "Leo nimekuja kikazi."

"Marahaba. Kikazi ndiyo kusimama mlangoni?" Nashilu hakuinua macho kutoka kwenye chungu. "Ingia, unazuia mwanga."

"Sijasikia kikohozi."

"Siumwi."

"Mama mdogo, kuni umeongeza. Nimeona."

"Meitamei, nimekubeba mgongoni hapa hapa ninapopika. Umekojolea kanga yangu nikikoroga. Hiyo wameiandika kanuni ya ngapi?"

Meitamei aliandika: *Mwenye Tawi alionyesha kutokubaliana na baadhi ya taratibu.* Kisha akaketi, akaiondoa ile sauti ya ofisini.

"Sikiliza, mama. Umeshapewa maonyo matatu. La kukohoa, la kuku, na la msesewe, maana unatia kwa kuonja badala ya kupima. Kesho Bwana Klotz anakuja sokoni mwenyewe. Akikuandikia la nne, tawi linafungwa."

"Lifungwe. Nitang'oa hicho kibao chao nikifanye mfuniko."

"Siyo kibao. Ukifungiwa, mitungi yote inachukuliwa Boma. Na hupiki tena, maisha. Si ya kuuza, si ya harusi, si ya msiba. Umeweka kidole."

Hapo Nashilu aliacha kukoroga. Mitungi yake mitano aliachiwa na mama yake, na mama yake aliachiwa na mama yake. Bwanake alikuwa amekufa. Shamba lilikuwa migomba na mbege tu, na watoto wanne walikuwa wakila kutoka humo. Alitazama mitungi ile kama mtu anayehesabu watoto kabla ya kulala.

"Wewe ndiye uliyenisomea ule mkataba," alisema.

"Niliusoma wote."

"Uliusoma haraka."

Meitamei hakuandika hilo. Aliinuka, akasahau kitabu, akarudi kukichukua, akaondoka.

Alhamisi ni siku ya soko Ngaramtoni, kama ilivyo Jumapili. Saa tano Bwana Klotz aliwasili juu ya nyumbu wa kijivu, chotara wa punda na farasi, amevaa nguo nyeupe, masharubu yamepakwa mafuta, askari mmoja nyuma na Meitamei pembeni. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Nashilu. Wazee walikuwa wameshakaa kwenye magogo yao, wakiongozwa na Mzee Loserian, ambaye alikuwa na sauti katika mambo yote ya Ngaramtoni na kauli ya mwisho katika mambo ya pombe.

Nashilu alifunua mtungi. Akachota kata ya kwanza, akaiinua aonje.

"Simama hapo!" alisema Bwana Klotz. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, ila kilitembea kama askari. "Huyu mwanamke anafanya nini?"

"Anaonja, Bwana Mkurugenzi," alisema Meitamei. "Ni kawaida."

"Pombe hii ni mali ya nani? Soma mkataba. Kifungu cha pili."

Meitamei alisoma. Kifungu cha pili kilisema kwamba pombe yote iliyo katika tawi, toka mgomba hadi mdomo wa mnywaji, ni mali ya Kampuni, na Mwenye Tawi ni mtunzaji tu.

"Kwa hiyo anakunywa mali isiyo yake. Mbele yangu. Mbele ya askari. Andika onyo la nne."

Meitamei alichovya kalamu. Nashilu akaishusha kata taratibu, akaiweka juu ya mtungi, akafuta mikono.

"Haya," alisema. "Si yangu. Nisamehewe. Wanywe basi."

Hakuna aliyeinuka.

Bwana Klotz alisubiri. Wazee nao walisubiri. Nzi mmoja alitua kwenye ukingo wa kata, akafikiri, akaondoka.

"Kwa nini hawanywi?" aliuliza.

Mzee Loserian alisema maneno machache ya Kimaa, lugha ya kwao.

"Mzee anauliza nani ameionja," alitafsiri Meitamei. "Kwetu mwenye pombe hutangulia kuonja mbele ya watu. Asipoonja, haiguswi. Mtu atajuaje kilichomo?"

"Waambie ni pombe ya Kampuni! Ni safi!"

Meitamei akawaambia. Mzee Loserian akauliza kitu kingine.

"Anauliza Kampuni iko wapi."

"Hamburg."

"Anauliza itafika saa ngapi."

Bwana Klotz alivuta pumzi. Alikuwa mtu wa kuwajibika, na tena nyuma yake vibanda vyote kumi na vinane vilikuwa vikisikiliza. "Mwambie hapa Ngaramtoni, Kampuni ni mimi."

Ilipotafsiriwa, wazee waliitikia kwa vichwa, wameridhika. Hilo lilikuwa jambo linaloeleweka. Mzee Loserian alimnyooshea kidole yeye, kisha akainyooshea kata.

"Anasema," Meitamei alitafuta lugha inayofaa, "kwamba anaomba Kampuni itekeleze jukumu lake."

Bwana Klotz alikunywa. Kata zilikuwa za kipimo kipya ambacho Kampuni yenyewe iliagiza, kubwa mara mbili ya zile za zamani, kwa ajili ya kukuza biashara. Alimaliza, akapangusa masharubu, wazee wakasema "Aa," kata ikaanza kuzunguka, na mkurugenzi akageuka aendelee na onyo la nne.

Ndipo Nalepo wa kibanda cha pili alipoweka kata yake chini. Akaweka wa tatu. Akaweka wa nne.

"Mwenyewe si amefika?" alisema Nalepo, akikunja mikono. "Sisi watunzaji tu. Aje aonje, watu wana kiu."

"Na mimi nina mitungi mitatu!" alipaza sauti mmoja toka mwisho wa safu. "Kila mtungi na kata yake, msinichanganyie!"

Ripoti ya Meitamei kuhusu siku ile ipo, na ni fupi. Hadi tawi la tano, Mkurugenzi aliendelea na kazi kwa ari. Tawi la nane alieleza mipango ya Kampuni kwa wimbo. Tawi la kumi na moja alimvua askari kofia na kumpa nyumbu aivae. Tawi la kumi na tatu aliketi. Matawi sita hayakufunguliwa kwa sababu ya upungufu wa wafanyakazi.

Kuhusu onyo la nne, lilibaki bila saini, maana mwenye kusaini hakuiona kalamu.

Alipopata nafuu, Bwana Klotz alishughulikia tatizo kitaalamu. Mbege haisubiri barua iende Hamburg na kurudi. Ukiipa siku tatu inakuwa siki. Kwa hiyo soko lililofuata alimteua Meitamei kuwa Mwonjaji kwa Niaba, akamfunga utepe mwekundu mkononi. Meitamei alisimama mbele ya wazee, akaeleza maana ya niaba kwa muda mrefu na kwa ufasaha.

"Hiyo pombe ni yako?" aliuliza Mzee Loserian.

"Hapana, mzee. Mimi ni mtumishi wa mwenyewe."

"Mtumishi anaosha kata. Nenda kamwite mwenyewe."

Mwenyewe akaitwa. Na kulikuwa na soko la Alhamisi na soko la Jumapili, na wanawake wa Tengeru nao, ambao walikuwa na vibao vile vile vya bluu, walipopata habari walituma mtu kuulizia mwenye pombe yao anafika siku gani. Baada ya wiki tatu Bwana Klotz alikuwa na uso wa tumbaku iliyonyeshewa. Alikuwa akiamka saa tatu na kuulizia ni siku gani. Akiambiwa si ya soko, alilia kidogo kwa furaha.

Wiki ya nne alimwita Meitamei ofisini na kufunga mapazia.

"Mkaguzi," alisema kwa sauti ndogo. "Ikiwa pombe ingekuwa mali ya wapishi. Kwa muda tu. Ningelazimika kuonja?"

"Hata tone, Bwana Mkurugenzi."

"Andika."

Meitamei aliandika, kwa nakala tatu. Hati ilisema kwamba pombe ni ya aliyeipika, tangu mgomba hadi mdomo. Bwana Klotz akagonga muhuri akiwa amefumba macho, na Meitamei akaipeleka Ngaramtoni kwa mwendo ambao mkaguzi hapaswi kwenda.

Nashilu alisomewa. "Rudia," alisema. "Polepole safari hii."

Akasomewa polepole.

"Na maonyo yangu?"

"Hayakutajwa."

"Kukohoa?"

"Hakukutajwa."

"Na ule mtungi wao mmoja katika mitatu?"

Meitamei aliifungua hati tena, akatafuta, akaikunja.

"Rudi nayo," alisema Nashilu. "Mwambie haijaiva. Na mwambie Jumapili nina mitungi mitano, yote imejaa, na kina Nalepo wanamsalimu."

Meitamei alirudi Boma. Humo ndani, mbele ya meza ya mkurugenzi, alifanya kitu ambacho Tanga hakufundishwa. Alisoma masharti ya mama yake mdogo kwa sauti ya ofisini kabisa, kana kwamba yametoka Hamburg: maonyo yafutwe, mitungi isiguswe, kitabu kirudishwe kwa mwandishi, na Kampuni ibaki na kile ilicholeta, yaani jina.

"Haya ni mengi," alisema Bwana Klotz.

"Ndiyo, Bwana Mkurugenzi. Leo ni Jumamosi."

Muhuri uligongwa mara nne. Wanawake kumi na tisa walipata hati kumi na tisa. Nashilu alimkaribisha Meitamei ndani, akampa ndizi za kuchoma, akamwambia koti lile linamfanya aonekane kama kunguru, na kwa hilo Meitamei alijua amesamehewa.

Ingekuwa imeishia hapo, lakini Alhamisi iliyofuata Bwana Klotz alionekana tena sokoni. Hakuja kikazi. Alikuwa amepumzika siku kadhaa, rangi imemrudia, na alikuwa amegundua jambo ambalo hakulitegemea: ana kiu. Si kiu ya maji. Mbege ya Nashilu ilikuwa imemkaa. Alifunga nyumbu, akaketi mwisho wa gogo la wazee, akavua kofia.

"Mama," alisema kwa heshima, "kata moja. Mimi ni mnywaji tu leo."

Nashilu alichota, akaonja mbele ya watu, akatosheka. Kisha akamtazama Mzee Loserian.

Mzee Loserian alimkagua mgeni kwa muda. "Mwulize ana miaka mingapi."

"Ishirini na tisa," alijibu Bwana Klotz.

"Ishirini na tisa? Na hayo masharubu?" Mzee aliwageukia wenzake, wakanong'ona. "Ana mke?"

"Ana mchumba," alisema Meitamei. "Yuko Bremen."

"Ng'ombe?"

"Hana."

"Hata ndama?"

"Hata ndama, mzee."

Wazee walisikitika kwa dhati. Mzee Loserian akasema kwa upole, kama baba, na Meitamei akahisi jasho likimtoka ndani ya koti.

"Bwana Mkurugenzi, baraza limeangalia maombi yako. Kwa taratibu za hapa, kijana ambaye rika lake halijafikia uzee hanywi pombe na wazee."

"Lakini nimekunywa hapa mwezi mzima! Wao ndio walinilazimisha!"

Ikatafsiriwa. Mzee Loserian hakuona ugumu wowote.

"Alikuwa mwenye pombe. Mwenye pombe anaonja, hata angekuwa amezaliwa juzi. Sasa pombe ina mwenyewe, yule pale. Huyu amebaki kijana."

"Nina hati!" alisema Bwana Klotz.

"Ndiyo, Bwana Mkurugenzi," alisema Meitamei. "Ndiyo hiyo."

Mzee Loserian alimnyooshea fimbo yake. Si kwa kumpiga, alikuwa anampa. Kule ng'ambo ya kijito, alisema, mbuzi wa wazee wanajichunga wenyewe, na mashamba ya mahindi hayako mbali, na si vizuri kijana mwenye miguu mirefu akae tu akiwatazama wakubwa midomoni.

Bwana Klotz aliipokea. Labda kwa sababu fimbo ile ilitolewa kama vile vitu vinavyotolewa na mtu asiyetegemea kukataliwa, na hiyo ilikuwa lugha anayoifahamu.

Meitamei akavuta pumzi, akainua pindo la kanzu ili aketi mahali palipoachwa wazi.

"Na wewe unakaa wapi?" alisema Nashilu, kata mkononi. "Mfuate mwenzako. Hajui hata mbuzi anageuzwaje."

Walichunga mpaka jioni, mkurugenzi upande wa mahindi na mkaguzi upande wa kijito. Mbuzi mmoja alipotea. Wazee hawakukasirika, walisema kwa watoto wa umri ule ni jambo la kawaida.